Chupa Iliyompumulia Dada

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Ni dada yangu wa tumbo moja, saa nne asubuhi, jua linawaka, madirisha wazi.

Dada ni fundi wa maabara ya chuo. Mimi nina digrii ya kemia inayozeeka chini ya godoro. Aliniita nimsaidie kuosha vyombo, maana Mkuu wa chuo alikuwa anakuja kumtazama akifanya jaribio la rangi. Likigoma, mkataba wake ndiyo basi.

"Msomi, leo utaosha kwa first class," akanicheka.

"Cheka tu. We una ajira, mimi nina regret letters za waajiri."

Unachanganya vimiminika vitatu visivyo na rangi. Vinageuka rangi ya chai, halafu bluu nzito, halafu vinatakata, vyenyewe, kila sekunde kumi na tano. Vikichoka, vinabaki bluu moja kwa moja.

Mpira wa kufyonzea pipeti, ule mrija wa kupimia, ulikuwa umepasuka. Dada akafyonza kwa mdomo. Tone la mwisho likang'ang'ania. Akalipuliza ndani ya chupa.

Bluu ilipoingia, midomo yake nayo ikawa bluu. Nikadhani kivuli. Chupa ikatakata. Akavuta pumzi. Bluu. Kifua kikasimama. Ikatakata. Akavuta.

"Dada?"

"Siwezi... mpaka itakate," akanong'ona.

Nikaongeza asidi, zamu ziharakishwe. Ujinga wa msomi. Rangi zikakimbizana. Dada akahema kama mbwa aliyefukuzwa, macho yamemtoka. Nikamimina maji kuipunguzia makali. Ikapoa. Ikapoa mno. Sekunde thelathini za bluu. Arobaini. Mkono wake baridi. Kemikali zilikuwa zinaisha mle chupani, na mimi ndiye niliyeziharakisha.

Bluu ikaja. Haikuondoka.

Dada akaanguka kwa magoti.

Thiosalfeti! Kila fundi huiweka karibu na sinki, kufutia madoa ya ayodini, na bluu ile ni ya ayodini. Nikaimimina yote chupani. Chupa ikatakata, mara moja. Dada akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kisimani.

Alipopata sauti, akaninong'oneza: "Usimwambie Mkuu."

Seriously? Huyu hata akifa ataomba ruhusa kwanza.

Nikaiosha ile chupa mara tatu, nikaikausha kwa kitambaa, nikaipindua rafuni. Mkuu akaingia. Dada akarudia jaribio kwa chupa nyingine, safari hii akipima kwa silinda. Likakubali. Mkuu akapiga makofi, akasema mkataba upo. Dada akacheka, anapumua vizuri tu.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa natazama rafuni.

Ndani ya chupa kavu, ukungu ulipanda kwenye kioo. Ukafutika. Ukapanda tena.

Nikatazama kifua cha dada. Nikatazama chupa.

Haviendi pamoja. Chupa inapumua kivyake.