Amani Aliyoiomba Asiyekuwepo

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa mbili na nusu asubuhi, ikiwa na watu tisa ndani. Lilikuwa jengo la ofisi na kliniki, na saa kama hiyo ukumbi wa chini hufurika watu utadhani kuna kinachogawiwa bure. Mle ndani bwana mmoja mwenye tai alikuwa ameshaanza kusali kwa sauti. Mama mmoja alimpigia mumewe simu ya kumuaga. Pembeni kabisa alisimama dada mmoja aliyevaa koti jeupe la maabara juu ya gauni la kijani, ametulia tuli, anabonyeza simu yake kwa kidole gumba.

Milango ilipopanuliwa kwa nguvu kutoka nje, wote wakatoka wakisukumana, bwana wa sala akiwa wa kwanza. Yule dada akabaki.

"Dada, toka basi, lifti haijakaa sawa," alisema fundi, kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu.

"Subiri kidogo, zamu yangu haijaisha."

Fundi akainamisha kichwa achungulie. Kwenye simu kulikuwa na ramani yenye miji, mito na vijeshi vya rangi, mmoja wa ile michezo ya falme ambayo unacheza zamu yako, kisha unamwachia adui naye acheze yake.

"Huyo mwekundu kakuomba amani?"

"Ndiyo. Nataka nimkubalie."

"Usithubutu. Hiyo ni kompyuta. Haiombi amani kwa sababu imekupenda. Imehesabu askari wake, ikaona wachache. Ngoja waongezeke uone."

"Na wewe umeyajuaje hayo?"

"Kwa kupigwa, dada yangu. Sina shule nyingine."

Dada akacheka na kutoka. Fundi akamnyooshea mkono, akakumbuka grisi, akaufuta kwenye ovaroli, na kwa kuwa ovaroli ilikuwa chafu kuliko mkono, mambo yakazidi kuharibika. Dada aliupokea hivyo hivyo.

Dada alikuwa fundi wa meno ya bandia katika maabara ya ghorofa ya nne. Kutwa alikaa na nta na plasta, akichagua rangi ya jino la mtu ambaye hatamwona kamwe akitabasamu. Yule kijana alihudumia lifti sita za mtaa ule, na karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo. Wiki haikuisha kabla hajaanza kumwita Bi Meno. Dada naye alimwita Fundi, na baada ya mwezi akawa Fundi wangu.

Mchana walikutana kwenye ngazi za nyuma, zisizopitwa na mtu. Walianzisha mchezo wa watu wawili, dada ufalme wa kijani, Fundi wa buluu, kila mtu zamu moja kwa siku. Na Fundi alipenda kufundisha.

"Kompyuta haina kinyongo," alimwambia siku moja. "Ichomee mji leo, kesho ukiipa ngano inakuita rafiki. Lakini pia haina shukrani. Ifanyie wema miaka kumi, siku ukiacha mji bila mlinzi, inauchukua."

"Kama wanaume."

"Sisi tunachukua hata wenye mlinzi."

"Nani kakuchukua wewe? Maana naona umekaa hapa kila siku."

Fundi akamega mkate wake akampa nusu. Jioni simu ya dada ikaita nyumbani kwao.

"Bi Meno, umelala?"

"Saa moja hii? Mimi kuku?"

"Nilitaka sauti tu. Haya, kalale."

Mama mdogo wake, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki na ambaye alikuwa bado akiishi naye, alikuwa akikunja nguo pale pale. "Mapenzi ni kikohozi, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Na wewe umekohoa mwezi mzima humu ndani."

Walipotimiza miezi saba, mwanzoni mwa mwezi, barua ikaja. Maabara kubwa ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima, ilimtaka kwa miaka miwili. Huko wangemfundisha kutengeneza taya, pua na masikio kwa watu walioharibiwa uso na ajali au maradhi. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Alishuka nayo mpaka karakana.

Fundi aliisoma mara mbili. Kisha akaokota kitambaa akaanza kufuta gurudumu la chuma ambalo lilikuwa safi.

"Nenda," alisema. "Nafasi kama hii haiji mara mbili."

"Hilo tu?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Sikutaka kitu. Ningetaka kitu kwako ningekuwa mjinga."

"Sasa hasira za nini? Nimesema vibaya?"

Dada alitaka neno moja tu, na kulidai aliona aibu. Akaichukua barua yake mkononi mwa Fundi akapanda juu. Siku ile Fundi hakupiga simu, na yeye hakupiga. Kesho yake hivyo hivyo. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na kusubiri kwa namna hiyo hakuna mshindi.

Siku ya nne, akiwa na kisu cha nta mkononi, alifungua ule mchezo kwa mazoea tu. Fundi alikuwa amecheza zamu yake.

Alikaa akiitazama ile bendera ya buluu na jina la Fundi juu yake. Kumbe yupo. Akacheza yake. Kesho yake zamu nyingine, na keshokutwa nyingine. Wiki ya pili ukatokea ujumbe katikati ya ramani: Mfalme wa buluu anaomba amani.

Hasira zote zikamwisha pale pale. Anaona haya kupiga simu, alijiambia, ndiyo maana kapitia huku. Akakubali. Akawaondoa askari wake darajani. Akauona mji wa Fundi wa kusini una njaa, akaupelekea ngano. Ujumbe wa shukrani ukarudi, na ule ujumbe mfupi aliusoma mpaka akaukariri.

"Si umpigie tu?" alimuuliza mama mdogo.

"Tunaongea, mama. Tunaongea kila siku."

"Mbona siwasikii?"

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha aliiandikia ile maabara kwamba hatakwenda. Asubuhi iliyofuata akavaa gauni la zambarau na hereni ndefu, akashuka karakana.

Fundi alipomwona aliangusha bisibisi.

"Nimekubali," alisema dada kwa furaha, pumzi zikimkatika. "Amani yako nimeikubali. Na ile kazi nimeikataa. Nabaki."

"Amani gani?"

"Usinitanie, Fundi wangu." Akamwonyesha simu.

Fundi aliitazama, na uso wake ukabadilika. "Mpenzi," alisema taratibu, "mimi mchezo huu sijaufungua tangu siku ile. Niliutoa kabisa kwenye simu. Nilijua nikiuona nitaumia."

"Mbona unacheza kila siku?"

"Mtu akipitisha siku tatu bila kucheza, kompyuta inashika nafasi yake. Jina linabaki. Bendera inabaki."

Dada akaitazama tena ile bendera. Yeye aliyefundishwa siku ya kwanza kabisa, mlangoni mwa lifti! Ufalme wa buluu ulikuwa na askari wachache siku ulipoomba amani. Wiki zote hizo alikuwa akibembelezwa na hesabu.

"Na kazi umeikataa?" Fundi aliuliza. "Kwa ajili ya..."

"Usimalizie. Nakuomba usimalizie."

Alipanda kwa ngazi mpaka ghorofa ya nne, maana lifti ilikuwa ya Fundi, na yeye hakutaka kubebwa na chochote cha Fundi.

Akaomba ruhusa ya ugonjwa, akajifungia nyumbani. Simu za Fundi ziliita mara nane hakupokea. Ya tisa mama mdogo akaichukua.

"Hayupo."

"Shikamoo, mama. Kweli hayupo?"

"Marahaba. Kasema nikwambie hayupo."

"Naomba nije, mama. Hata kama hayupo."

"Njoo, baba. Mficha uchi hazai. Ila njoo umenawa mikono."

Fundi alikuja Alhamisi saa tisa alasiri, shati jeupe limepigwa pasi, kucha bado nyeusi pembezoni. Dada alikuwa na gauni la kushindia, nywele hazijaguswa tangu Jumatatu. Mama mdogo akaingia jikoni na kuuacha mlango wazi kidogo.

"Niliurudisha mchezo," alisema Fundi. "Unahifadhi kila zamu. Nimezipitia zako zote tangu siku ile, ishirini na sita."

"Kwa nini ujitese?"

"Uliwaondoa askari darajani. Ukaleta ngano kabla hujaombwa. Zamu ya kumi na tisa mji wangu mkuu ulikuwa mtupu, na ulikuwa umesimama mlangoni. Kompyuta ingeuchukua pale pale. Wewe ukageuza jeshi ukarudi nyuma. Yote hayo ulinifanyia mimi, na mimi sikuwepo."

"Asiyekuwepo na lake halipo."

"Najua. Nataka nikuoe."

Neno hilo dada alilingoja miezi mingi, na sasa lilipokuja lilimuuma.

"Hapana," alisema. "Unanihurumia. Nimepoteza kazi kwa ujinga wangu, na wewe unataka kunifidia. Umepiga hesabu, umeona nimeumia, umeniletea amani. Amani ya namna hiyo nimeshaikubali mara moja. Sirudii."

Fundi akainamisha kichwa. Dada akamtazama, kisha akachukua simu, akatafuta namba, akaweka sauti juu ili asikike kila anayezungumza. Alipokea mkuu wa ile maabara, mama mwenye sauti nzito.

"Barua yako niliipata, na nilisikitika sana."

"Mama, naomba radhi. Nafasi mmeshampa mtu?"

"Bado. Umebadili mawazo?"

"Ndiyo, kama bado mnanitaka."

"Basi njoo uanze Jumatatu. Si hii inayokuja, inayofuata. Na usinibadilikie tena, binti."

Alipokata simu, jikoni palikuwa kimya kabisa.

"Sasa sijapoteza kitu," alimwambia Fundi. "Huna cha kunihurumia. Ndani ya siku kumi na moja nitakuwa nimeondoka. Sema ulichotaka kusema siku ile, au nenda kwenu."

Fundi alitazama sakafu. Kusema kulikuwa rahisi zaidi dakika tano zilizopita.

"Usiende," alisema.

Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyaficha. "Nilitaka kusema hivyo. Nikaona ni ubinafsi, nikasema nenda. Leo pia ni ubinafsi. Lakini ukweli ndio huo. Sitaki uende. Sijui nitaishije na hilo jengo bila wewe."

Dada akahama kiti, akaketi karibu naye, akaushika ule mkono wenye kucha nyeusi.

"Nitaenda," alisema. "Unajua kwamba nitaenda."

"Najua."

"Ungesema neno hilo siku ile, ningekwenda na moyo mweupe. Nisingehangaika kulitafuta kwenye mashine."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Kisha Fundi akauliza, kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Na ile ndoa?"

"Mimi unaniuliza nini? Wa kuulizwa yuko jikoni, kasimama nyuma ya mlango tangu ulipofika."

"Siku kumi na moja zinatosha," alijibu mama mdogo kutoka huko huko, sauti yake nayo imelowa. "Msizimalize kwa kulia."

Lakini walilia, dada kwanza, kisha Fundi tena, wala hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake.