Shemeji Alininyang'anya Mashine Yangu kwa Karatasi

Nina miaka arobaini na tatu, mjane, mama wa watoto watatu. Nilitoka Bukavu, sasa naishi Namuwongo, hapa Kampala, na kazi yangu ni kutwanga na kuuza sombe, yaani majani ya muhogo. Wasomaji wenzangu, msinicheke...

Mabega yalipoanza kukataa kinu, nilinunua mota ya mashine mbovu ya kufulia, nikamwelekeza fundi wa kuchomelea aniundie mashine ya kutwanga. Tuliharibu mara nne. Mara ya tano ikatwanga! Majani ya asubuhi nzima yaliisha kabla chai haijapoa, na wamama wakapanga foleni mlangoni kwangu. Nililia kwa furaha.

Shemeji Deo, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyesoma. Kwetu, mume akifa, ndugu yake ndiye anayesemea nyumba. Akaniambia tuombe hataza, karatasi ya serikali ya kuzuia wengine wasiige ulichobuni. Fomu ya maombi ilikuwa kwa Kiingereza, nisichokijua. Ningemuulizaje baba mdogo wa watoto wangu? Nikaweka dole gumba.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Jina lilikuwa lake peke yake. Tena aliandika kwa upana: kila mashine ya umeme ya kutwanga majani, ya namna yoyote ile, ni yake.

Akafungua karakana ya kuunda mashine hizo huko Nakawa na tajiri mmoja. Kisha akaja na wakili. "Mama Neema, usinichukie, ni sheria tu," akasema Deo, huku wanabeba mashine yangu mbele ya watoto! Alijigamba kwamba miaka ishirini hakuna atakayemsogelea sokoni. Mimi nikarudi kwenye kinu, nikitwanga na kulia.

Hakumaliza hata miwili. Mafundi wa soko la Owino walitengeneza mashine za kukanyaga kwa miguu, bila umeme, bei nusu. Hataza yake haikuwagusa. Angebuni nini kipya, yeye aliyejua kuandika tu?

Juzi alikuja, amekonda, akaniwekea ile karatasi mapajani. "Shemeji, nimekurudishia. Tubuni nyingine." Hata pole hakusema! Nilimwonyesha mlango. Lakini karatasi hiyo itanisaidia nini? Wateja wangu wote wamehamia kwa wenye mashine za Owino...

Dada zangu, nawasihi! Heshimuni shemeji zenu, wapikieni, wapigieni magoti mkitaka. Ila karatasi, tafuteni mtu baki awasomee kwanza. Mimi niliona aibu kuuliza swali moja, na leo natwanga kwa mikono hii.