Rangi Mbili za Mbuzi wa Susu Wayua

Siku ya soko mjini Mwingi, nyumba ya Sharmarke huamka kabla jogoo wa jirani hajawika. Sharmarke ni mfanyabiashara wa mifugo, na Mulki, binti yake wa Gredi ya Saba, ndiye mshika kopo la rangi. Baba akimkamata mbuzi pembe, Mulki humpaka kijani kwenye paja la kulia. Kila mfanyabiashara ana alama yake sokoni, na kijani ni cha Sharmarke. Mulki aliipenda kazi hiyo, ingawa vidole vyake vilikuwa kijani mpaka darasani, na wenzake walikuwa wamembandika jina la Majani.

Asubuhi hiyo walikuwa na kazi tele. Mbuzi wengine walikuwa wameshushwa alfajiri kutoka vijiji mbalimbali, na Sharmarke hakuwa amewahesabu bado. Alipoingia ndani kuchukua kamba, Mulki alisikia sauti aliyoijua vizuri ikimwita kutoka barabarani. Alikuwa shangazi yake Isnino, dada mdogo wa Sharmarke, anayefanya kazi katika maabara ya dawa Nairobi na ambaye huonekana nyumbani kwa nadra kama mvua ya Kitui. Mulki aliitupa brashi, akatoka mbio kumlaki. Lango la zizi aliliacha wazi.

Chai haijapoa vizuri, zogo likasikika nje. Wote walitoka. Jirani yao, Susu Wayua, bibi kizee msuka vikapu viitwavyo vyondo, alikuwa katikati ya zizi amemkumbatia shingoni mbuzi wa rangi ya udongo.

"Sharmarke kijana wangu, huyu ni wangu," alisema huku anahema. "Niko na huyu mmoja tu, na ako na mimba. Nangoja azae, mjukuu wangu apate maziwa."

"Mama, unajua nakuheshimu," Sharmarke alijibu kwa upole. "Lakini hebu angalia hilo paja. Hiyo si alama yangu?"

"Si alama! Jana nilipaka nyuzi zangu za kiondo rangi, nikazianika. Akajisugua hapo."

"Kijani ni kijani, Mama. Nitajuaje? Kila mtu akija kuniambia mbuzi amejisugua mahali, nitabaki na nini?"

Machozi yalimlengalenga Susu Wayua, naye hakumwachilia mbuzi. Lori la kwenda Nairobi lingeondoka baada ya sala ya adhuhuri, na mbuzi akishapanda lori, hiyo ni kwaheri.

"Kaka," Isnino alisema, "rangi pia inaweza kuulizwa ilikotoka. Nipe muda kidogo."

Alitoa mkobani karatasi nyeupe za kuchujia kahawa, akazikata vipande virefu. Chini ya kila kipande alichora mstari kwa penseli. Mulki alipomletea kalamu ya wino, alicheka. "Wino nao utapanda, utuharibie ushahidi." Kisha akakata manyoya machache kwenye paja la mbuzi, akayaloweka. Akaweka tone la rangi hiyo kwenye karatasi moja, na tone la kopo la Sharmarke kwenye nyingine. Akazisimamisha ndani ya glasi yenye maji na spiriti kidogo chini.

"Hii inaitwa kromatografia," alieleza. "Maji yakipanda, rangi nazo zinapanda, lakini si kwa mwendo mmoja. Chukua mbuzi, uwapitishe njia iliyomwagwa matunda ya mgunga. Wenye njaa watabaki nyuma wakila. Walioshiba watatangulia. Rangi inayoshikwa sana na karatasi ndiyo mwenye njaa. Kaa hapa uzitazame, mimi namsalimia mama yako."

Mulki alichutama mbele ya glasi. Rangi ya baba yake ilipanda polepole ikiwa kijani hivyo hivyo, kuanzia chini hadi juu. Ya mbuzi ilianza kijani, halafu ikaachana. Manjano ilikimbia mbele na bluu ikabaki nyuma, na katikati karatasi ikawa nyeupe kabisa.

Kwa hiyo mbuzi hakuwa wao. Wafanyabiashara wenzake baba walikuwa wamekusanyika langoni wakisubiri jibu. Wangemcheka kwamba amemnyang'anya bibi kizee. Isitoshe, mtu angeuliza mbuzi aliingiaje, na hapo habari ya lango ingefichuka. Mulki alitazama huku na huku. Aliichomoa karatasi ya mbuzi, akaificha chini ya mtandio. Akachukua karatasi safi, akaweka tone la kopo la baba, akaisimamisha mahali pa ile ya kwanza.

Isnino aliporudi, alizitazama karatasi mbili zilizofanana, akaziweka juani zikauke kabla ya kumpelekea kaka yake.

"Basi," alisema, akapumua kwa huzuni. "Maskini Susu Wayua. Nilidhani anasema kweli."

Ili asizungumzie mbuzi, Mulki aliuliza, "Shangazi, hata kazini mnatenganisha rangi?"

"Kazini tunatenganisha kitu kisichoonekana kwa macho. Kinaitwa RNA mjumbe. Ni ujumbe unaopelekwa mwilini kupitia sindano, kuuambia mwili utengeneze kinga dhidi ya ugonjwa. Sasa, tukiutengeneza, ulio mzima na uliokatika hutoka pamoja. Tunaumimina wote kwenye mrija uliojaa shanga ndogo sana. RNA iliyo nzima ina mkia, na shanga zinaudaka huo mkia. Vipande visivyo na mkia vinapita na maji, tunavimwaga. Halafu tunabadilisha maji, shanga zinaachilia, na tunapata iliyo safi."

"Mnajuaje kwamba kweli ni safi?"

"Tunaipitisha kwenye mashine inayochora vilima. Kilima kimoja, ni safi, furaha. Siku moja nikaona kilima kingine pembeni, kidogo hivi. Tulikuwa tumeifanyia kazi miezi mingi, Mulki. Mkubwa wangu alikuwa anangoja nimwambie iko tayari. Nilitamani nisingekiona."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa pale nikafikiria mkono wa mtoto atakayedungwa. Hanijui, hataniuliza kitu, ameniamini tu. Nikamwonyesha mkubwa wangu kile kilima, tukaanza upya. Nililia, lakini usiku ule nililala vizuri."

Mulki aligeuka. Kule zizini, Susu Wayua alikuwa bado amemshika mbuzi wake, akimsemesha polepole kwa Kikamba. Ni mikono hiyo hiyo iliyomfundisha Mulki kusokota uzi juu ya goti alipokuwa mdogo, bila kuchoka wala kumkaripia. Mulki alishindwa kuvumilia. Aliichomoa karatasi na kumpa shangazi yake, akalia kwa kwikwi.

Isnino aliitazama, kisha akamrudishia. "Mwenye kuonyeshwa si mimi," alisema taratibu. "Nenda. Niko nyuma yako."

Mulki alipiga moyo konde. Alipita katikati ya wafanyabiashara hadi mbele ya baba yake.

"Aabo, hii ndiyo karatasi ya mbuzi. Niliificha, nikaweka ya kopo letu mahali pake. Kijani chetu ni kimoja, hiki ni bluu na manjano. Na lango niliacha wazi mimi."

Sharmarke aliishika karatasi, akaigeuza. "Mama," aliuliza, "kijani chako unakinunua wapi?"

"Kununua? Nanunua bluu na manjano, nachanganya mwenyewe kwa sufuria," Susu Wayua alijibu.

Uzi wake nao ulilowekwa na kupimwa mbele ya wote. Manjano ilitangulia, bluu ikafuata.

Sharmarke aliliondoa lile kundi la watu langoni kwa ishara ya mkono, akamfungulia Susu Wayua njia. "Nisamehe, Mama. Nenda na mbuzi wako." Kisha akamshika Mulki mabegani. Mulki alifumba macho akingoja kugombezwa.

"Alhamdulillahi," baba yake alisema. "Ningempakia yule mbuzi, mali yangu yote ya leo ingechanganyika na haramu, nami nisijue. Shangazi yako anatenga dawa na uchafu. Wewe leo umenitengea halali na haramu. Kuficha ulikosea. Lakini ukweli uliosemwa kabla lori halijaondoka umetuokoa sote. Asante, binti yangu." Halafu akakunja uso. "Habari ya lango tutaongea."

Wiki chache baadaye, mbuzi alizaa pacha. Susu Wayua alikuja na jagi la maziwa kwa mama yake Mulki, na kwapani ana kiondo kipya. Chini kilikuwa kijani, katikati bluu, na juu kabisa manjano.

"Nimezipanga vile zilipanda kwa karatasi yako," alisema. "Asante, mwana wakwa. Mjukuu wangu anakunywa maziwa kwa sababu yako."

Mulki alikikumbatia. Siku hizi hubebea vitabu vyake humo. Wenzake bado wanamwita Majani, naye huitika kwa furaha, na lango la zizi hulifunga, akarudi tena kulijaribu.