Mtu wa Kwenye Mraba wa Njano

Sogeeni karibu, na wewe uliyekaa mlangoni vuta kiti, maana haya sipendi kuyasema kwa sauti kubwa.

Palikuwa na askari mmoja wa kike, mcheshi, mama wa watoto wawili. Wenzake walimwita Bi Vioo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kituoni mbele ya vioo, zile skrini, zimejaa ukuta mzima. Zamani askari alizunguka kwa miguu yake, anajua wewe mtoto wa nani na unalala wapi. Siku hizi kamera zimetundikwa kwenye nguzo, na kompyuta ndiyo inayotazama watu. Ikimwona mtu inamchorea mraba usoni. Mraba wa kijani, inamjua. Mraba wa njano, inasema labda. Hapo kwenye labda ndipo binadamu wanapotakiwa: askari wawili watazame picha kwa macho yao, halafu kila mmoja abonyeze kwenye kompyuta yake, Ndiye au Siye.

Basi mchana mmoja bibi wa watu kaporwa mkoba sokoni, kasukumwa, kaanguka, nyonga imevunjika. Kamera ikamleta mwizi. Mraba wa njano. Pembeni kompyuta ikaweka picha ya fundi viatu mmoja, aliyepigwa picha alipokuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, ikauliza: ndiye huyu?

Bi Vioo alikuwa na simu mkononi. Dada zake wanagombana huko kwenye kundi, rangi ya sare za harusi ya mdogo wao, wengine wanataka zambarau, wengine hawataki. Alichogundua ni harufu tu, kama nguo zilizokunjwa mbichi zikasahauliwa sandukuni.

"We Kitambi, umevua viatu?"

Kitambi ndiye koplo aliyekaa naye mle chumbani. Alikuwa ameshasimama, anaenda kula. "Viatu vyangu vinanukia, mama. Hebu nibonyezee na yangu, njaa inaniua."

"Njaa haijawahi kukuua wewe, inakunenepesha tu."

Akacheka. Bi Vioo akanyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye simu. Ndiye, kwenye kompyuta yake. Akajinyoosha kidogo, Ndiye, kwenye ya Kitambi.

Jioni fundi viatu alitolewa kibandani kwake na kiatu cha mtu bado kiko mkononi.

Siku zilizofuata ndiyo mambo yakaanza. Bi Vioo amekaa, mara skrini moja ikawaka mraba wa kijani: fundi viatu, yuko sokoni, anatembea taratibu kama mtu aliyenunua nguo mpya anataka watu waone.

Kitambi akashusha sauti. "Huyu si tumemfungia?"

"Tumemfungia."

"Sasa huyu nani?"

"Usiniulize mimi."

Kitambi akashuka mahabusu, akarudi jasho linamtoka. "Yumo. Kakaa palepale." Akameza mate. "Lakini dada, yule mtu mbona kama anafutika?"

Na kweli alikuwa anafutika. Askari aliyempelekea chai asubuhi, mchana alimuuliza, wewe nani tena? Mama yake mzazi, anayekuja kila siku na chakula, mara ya kwanza alimjua, mara ya pili alimjua kwa kikohozi, mara ya tatu akaweka bakuli chini akaanza kulia: "Mnaniletea mtu mwingine. Mwanangu mmempeleka wapi?"

Ndipo Bi Vioo akafunga mlango, akaurudisha ule ukanda wa sokoni, akautazama kwa mara ya kwanza. Mwizi alikuwa na kofia, alikuwa na masikio, lakini pale mbele, mahali pa macho na pua na mdomo, palikuwa laini kama kisahani. Akauacha ukanda uende, akamwona yule mtu akisimama chini ya nguzo na kuinua ule ulaini wake kwenye kamera, akangoja, akangoja kabisa kama mtu aliyepiga hodi, mpaka ile dakika ambayo yeye Bi Vioo alikuwa anaandika zambarau kwenye simu na mkono wake unabonyeza, na hapohapo, polepole, kama maji yanavyoloweka kitambaa, ikaota pua, yakaota macho, ukaota mdomo wa fundi viatu, na ule mdomo ukamcheka, na chumba kizima kikanuka nguo mbichi hata akashindwa kuvuta pumzi. Akaukimbilia mlango.

Alikwenda kwa shangazi yake, mtu wa kutoa majini, mama mkali, hana maneno mengi.

"Hilo halina sura yake," shangazi akasema. "Linaomba kwa watu, miaka yote linakataliwa, kwa sababu mtu akilitazama anaogopa. Wewe umelipatia sura ya mtu bila kulitazama."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Uliyetoa ndiye wa kurudisha. Simama mbele ya mkuu wako na mama wa yule kijana, mtazame kijana usoni, useme kwa mdomo wako: si huyu, nilisema ni yeye na sikutazama. Usiseme mashine. Ukisema mashine, jini litabaki na haki yake."

"Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa. Kwani nimekwambia hutafukuzwa?"

"Na Kitambi je? Na wanangu?"

Shangazi akamwangalia. "Na mwana wa mwenzio je?"

Usiku ule hakulala. Alijisemea maneno yale kitandani, yakatoka vizuri. Akajisemea tena anapofunga mkanda wa sare, yakatoka. Alipofika mbele ya meza ya mkuu wa kituo, mkuu kainua kichwa, ana haraka, kalamu mkononi, maneno yale yakamkimbia. Aibu, wajukuu zangu, inakaba kuliko mikono.

"Mkuu, kuhusu yule fundi viatu." Akatazama zulia. "Mashine ilikosea."

Mkuu akashusha pumzi, uso ukamtulia. "Mashine! Basi hapana wa kulaumiwa. Mwachieni."

Kirahisi hivyo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mama wa fundi alikuwa mapokezi, kavaa vizuri, kaambiwa aje. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka mtu mwembamba, kichwa kainamisha, hata kile kikohozi chake kimekauka. Na wakati huohuo mlango wa barabarani ukafunguliwa, akaingia mtu mwingine, shati limepigwa pasi, na ile harufu imemtangulia kama mbwa. Akasema, "Mama."

Mama akageuka. Ilikuwa sura ya mwanawe, macho yaleyale, shavu lilelile. Akatazama huku, akatazama kule. Akamshika Bi Vioo mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi.

"Mwanangu, wewe ndiye wa kazi hii. Niambie. Wangu ni yupi?"

Bi Vioo alijua. Alijua kama ninavyojua nimekaa kwenye kiti hiki. Neno lilikuwa moja, na mkuu alikuwa amesimama palepale, na Kitambi, na watu wote wa mapokezi wanangoja. Akisema yupi, wataulizana kajuaje. Akatazama viatu vya yule mama.

"Mama, twende nyumbani," likasema lile lenye sura, kwa upole kabisa.

Mama akasubiri kidogo tena. Halafu akauachia mkono wa Bi Vioo, akaushika ule mkono wa shati la pasi, wakatoka wote wawili juani.

Yule mwingine alibaki kwenye benchi. Watu walipita, mmoja karibu amkalie. Baadaye sana, mapokezi pametulia, akasema, "Afande."

Bi Vioo bado alikuwa anatazama sakafu.

"Afande, mama ameondoka na nani?"

Hapo akainua macho, akamtazama mpaka mwisho. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Palikuwa laini, na machozi yanashuka, yanatoka wapi hata yeye hakujua.