Pindo la Buibui

Rafiki yangu Thuraya, mzaliwa wa Maskati, alitumwa halua soko la Nizwa na mama mkwe wake, Bi Zuwena.

"Usinitie aibu na nguo zako za mjini," aliambiwa, akavikwa buibui la mkwewe, refu kupita kiasi.

"Dada, unatufagilia soko bure!" muuza halua akamcheka.

Wakati wa kurudi, mikono imejaa vikapu, umeme ukakatika kwenye kichochoro chenye paa. Giza totoro. Alisikia pindo tu likiburuzika nyuma yake, shaa, shaa. Mara likanyamaza, naye bado anatembea. Akatoka mbio.

Nyumbani, Bi Zuwena aliliinua lile pindo. "Nani kakushikia?"

Lilikuwa na alama za vidole vya hina, bado mbichi.