Mrudishe Ghati Ndani

Haya yalimpata wifi yangu Tereza, dada wa mume wangu. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa. Tulikuwa uani kwetu, mtaa wa Kitaji, mimi nachambua dagaa niliotoka nao sokoni Mwigobero, Tereza amekalia ndoo iliyofudikizwa, kompyuta mapajani. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya. Siku hiyo Tereza alikuwa anaachia gemu yake ya pili. Anatengenezaga gemu za simu peke yake, hana kampuni wala bosi. Picha anachora mwenyewe, maneno anaandika mwenyewe, muziki ndio anapigiwa na rafiki yake mmoja wa kanisani.

Gemu ya kwanza ilimhusu Ghati. Ghati alikuwa mdogo wake wa kufuatana naye, alifia kwao Butiama akiwa bado mtoto. Asubuhi alicheza, mchana homa, jioni hayupo. Watu wakaanza kusema hakufa, amechukuliwa. Eti yuko ndani ya nyumba ya mtu, amefanywa msukule, anasaga ulezi kwenye jiwe na hajui hata jina lake. Mama mkwe wangu aliyashika maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Kila akipika uji alikuwa anamtengea Ghati bakuli lake. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tereza anasema asubuhi nyingine alilikuta tupu.

Alipokwenda Mwanza kusomea kompyuta, ndipo akalitoa hilo jambo moyoni. Akatengeneza gemu ya mtoto aliyefungiwa kwenye nyumba isiyo na dirisha, anasaga. Wewe mchezaji huna bunduki, huna pointi. Unakaa naye tu, unamsikiliza, unamkumbusha mambo ya kwao. Inaisha akiwa bado anasaga. Watu walilia. Watu walikasirika pia. Walimwandikia, "Dada, umetuumiza, kwa nini umemwacha mule?" Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya akae miaka mitatu anatengeneza sehemu ya pili, *Ghati Anatoka*. Humo Ghati anaacha jiwe, anapita chumba hadi chumba, anaufikia mlango, anatoka. Anatembea kwenye vile vilima vya mawe vya Butiama mpaka kwa mama yake. Anabisha hodi. Basi, gemu imeisha.

Mchana ule maoni yakaanza kuingia, Tereza akawa ananisomea huku mimi nachambua. "Nimelia kwenye basi, watu wananishangaa." "Sehemu ya kwanza ilikuwa na uchungu zaidi, hii mmeilainisha." "Kutembea kumezidi, miguu ya Ghati mimi ndio imeniuma." "Kwa nini mmetuacha mlangoni? Mama yake alifungua au hakufungua?" Tulicheka, tulibishana, mimi nikasema kweli kutembea kumezidi. Tereza alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu msiba wa mama.

Kisha akaisogeza kompyuta karibu na macho. Akaisoma moja kimoyomoyo, akairudia kwa sauti.

"Yule bibi wa mlangoni mmemchora vizuri sana. Macho kama ya mtu kweli."

"Bibi gani?" nikamuuliza.

"Wifi, hamna bibi. Kuna mlango tu."

Tulidhani mtu amechanganya na gemu nyingine. Lakini Jumapili, tumerudi kanisani, wengine wakaandika. Mmoja alikuwa Kiabakari, mwingine Tarime, mwingine Dar es Salaam, hawajuani. Wote walikuwa wamemwona. Bibi amesimama kwenye mlango wa ile nyumba isiyo na dirisha, kanga kichwani, anasema, "Mrudishe Ghati ndani." Na chini ya skrini kinatokea kitufe kimeandikwa MRUDISHE. Kimoja tu. Hakuna cha kukataa. Tereza akafungua kazi yake yote kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akatafuta hilo neno. Halikuwemo. Tulicheza wenyewe kwa simu yangu, hatukuona kitu. Tulipofika mlangoni, simu ikapata baridi mkononi mwangu kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

Mume wangu Alfonce alisema itolewe. "Ifute hiyo gemu, Tereza. Marehemu hachezewi."

"Sifuti," Tereza akamjibu. "Nikifuta, Ghati atabaki ndani. Tumemwacha humo miaka yote, kaka. Mimi sitamwacha tena."

"Ni picha tu hizo!"

"Kama ni picha tu, mbona unaogopa?"

Mtu mwingine akaandika kwamba huyo bibi anamfahamu, ni mjane fulani wa kijijini kwetu Butiama, na vijana wakimfuata nyumbani kwake mambo yataisha. Tereza alikasirika. Akayaondoa maoni hayo palepale, akaandika ya kwake: "Hakuna bibi wa kufuatwa nyumbani kwake. Tumeshazika vikongwe wengi kwa maneno ya namna hii. Anayesimama kwenye mlango wangu simjui, na nitapambana naye mimi." Akapiga simu kwa mtendaji wa kijiji akamwomba amwangalie yule mjane. Mjane alikuwa salama, anaanika mihogo, hana habari, hata simu hana.

Ndipo likaja andiko kutoka Bunda.

"Naitwa Gasper, ni fundi pikipiki. Mwanangu Marieta alichezea simu yangu akabonyeza mrudishe. Sasa yeye ndiye anasaga. Dada uliyetengeneza gemu hii, njoo."

Tulikwenda siku iliyofuata, mimi na yeye. Gasper alitupokea stendi na pikipiki mbili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyumba yake iko upande wa mlimani, nyumba nzuri ya tofali, sakafu ya saruji nyekundu inang'aa. Jua lilikuwa kali, saa ya chakula cha mchana. Kuku wanaparua uani. Mkewe Euphrasia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayesubiri kupigana.

"Karibuni," akasema. "Yuko huku."

Mtoto alikuwa amepiga magoti katikati ya jikoni. Umri wake miaka saba, gauni la njano. Mikono yake miwili ilikuwa inasukuma mbele, inavuta nyuma. Mbele, nyuma. Chini ya mikono hamna kitu, sakafu tu. Lakini sauti ilikuwepo. Krrr. Krrr. Jiwe juu ya jiwe.

"Hospitali wamempima, wanasema hana ugonjwa," Gasper akanong'ona. "Mchungaji ameomba hapa tangu juzi. Akilala ananyamaza. Jua likitoka anaanza."

Nilimwita jina lake. Hakugeuka. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, na kwenye kucha zake kulikuwa na unga.

Euphrasia akamwangalia Tereza usoni. "Wewe ndiye uliyemleta huyo bibi."

"Sikumleta, Mama Marieta. Ila mlango niliutengeneza mimi. Nipe hiyo simu."

Gasper hakutaka hata kuigusa. Ilikuwa juu ya meza, skrini imewaka, na alisema imezimwa mara nyingi inajiwasha. Tereza akaichukua. Akapiga magoti sakafuni kando ya mtoto, akaniita nikae karibu. Niliona kila kitu.

Ghati alikuwa amesimama ndani, mbele ya mlango. Ng'ambo ya mlango, mwanga. Na kwenye kizingiti, bibi.

Hakuwa amechorwa. Naomba mnielewe. Vingine vyote vilikuwa rangi na mistari ya mkono wa wifi yangu. Yeye alikuwa na ngozi. Kanga yake naifahamu, tulimzika nayo mama mkwe wangu.

Sura nayo ilikuwa ya mama mkwe wangu.

"Tereza, mwanangu," simu ikasema. Sauti yake kabisa. Ile ya kifua, ya mwisho mwisho. "Mrudishe mdogo wako ndani. Nje baridi. Nimemtengea uji."

Wifi yangu alilia. Machozi yalimtoka mfululizo, na kidole gumba kikawa kinashuka. Kinakaribia kitufe. Nilitaka kumshika, mkono wangu ukawa mzito. Krrr. Krrr. Mtoto alikuwa anaongeza kasi.

Kidole kikasimama.

"Umeniitaje?" Tereza akauliza taratibu.

"Tereza, mwanangu."

"Mama alijifungua shambani akaniita Nyangi. Tereza ni la ubatizo, la shule, la watu. Yeye hakuwahi kulitamka hata siku moja. Mpaka anakata roho aliniita Nyangi." Akafuta pua kwa mkono. "Umevaa nguo ya mama yangu. Umevaa sura yake. Jina hukulijua. Wewe ni nani?"

Ile sura ikabaki inatabasamu, lakini macho yakaacha kumwangalia Tereza. Yakaniangalia mimi. Kisha Euphrasia. Kisha yakatulia kwa mtoto.

Jikoni pakapoa. Nje jua linawaka, kuku wamenyamaza. Krrr. Krrr. Krrr.

"Mrudishe," simu ikasema. Sasa si sauti ya mama. Si sauti ya mtu.

"Sirudishi."

"Mrudishe."

"Sirudishi! Ulimbana mama yangu kwa hofu miaka yote, akafa anatenga uji. Unataka na hawa? Hupati." Akaiweka simu sakafuni. Akamshika mtoto viganja vyote viwili. Nilimwona akirushwa mbele na nyuma, mtu mzima, kwa nguvu za mikono ya mtoto wa miaka saba. Euphrasia akajitupa, akamkumbatia mwanawe kwa nyuma. Gasper akashika miguu. Bado mtoto alisukuma.

"Wifi!" Tereza akapiga kelele. "Chukua simu yangu kwenye pochi. Waandikie!"

"Nani?"

"Wachezaji wote! Waambie wasibonyeze. Waambie wakatae. Waandike wamekataa!"

Niliandika kwa makosa, kwa herufi zilizoruka: Tuko Bunda, kuna mtoto anasagishwa, msibonyeze mrudishe, kataeni, andikeni sirudishi. Nikatuma pale wanapoandika maoni yao. Nikasubiri. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, nikawaza, nani atasoma?

Likaingia moja. "Sirudishi." Kiabakari.

Likaingia jingine. "Sirudishi, mimi mama wa watoto wanne."

Kisha yakaja kama mvua ya mawe. Simu ikawa inatetemeka haikomi. Nikaanza kuyasoma kwa sauti, napiga kelele nishinde lile jiwe. Sirudishi, niko Ukerewe. Sirudishi, niko kwenye foleni ya benki, nimesimama nalitamka, watu wananiona kichaa. Sirudishi, gemu yenyewe sikuipenda, muziki unachosha, lakini mtoto harudi ndani. Sirudishi. Sirudishi. Yule aliyelalamika kwamba gemu imelainishwa, naye alikuwemo. Aliandika, "Atoke. Atoke. Atoke."

Gasper akaanza kulisema. Euphrasia akalisema kwenye sikio la mwanawe, kwa kunong'ona, tena na tena. Na majirani, waliokuwa wamejaa dirishani bila kujua wanachokiona, wakaanza kulisema nao.

Kile kitu kwenye skrini kikafungua mdomo. Kikaufungua zaidi ya mdomo unavyofunguka. Ndani mlikuwa na giza la ile nyumba isiyo na dirisha.

Ghati akapita.

Sikumwona mtu akibonyeza. Simu ilikuwa sakafuni peke yake. Yule mtoto wa kuchorwa aliinua mguu, akapita ubavuni mwa lile bibi kama unavyompita mtu asiyekuhusu, akatoka nje kwenye mwanga. Skrini ikawa nyeusi.

Jiwe likanyamaza.

Marieta akaangalia mikono yake, kisha akamwangalia mama yake. "Mama, inauma," akasema, akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia. Euphrasia alikaa chini palepale, akacheka na kulia pamoja. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Gemu haikutolewa. Mpaka leo ipo, watu wanaicheza, wengine wanaisifu, wengine wanasema miguu imewauma, na hakuna aliyemwona tena bibi. Viganja vya Marieta vimepona. Alfonce naye ameicheza, ingawa anakana. Tereza ameshaanza kazi nyingine, ya mbuzi wanaogombania uwanja wa mpira, anasema amechoka kuliza watu.

Ila siku ile, tulipoinuka, tuliona sakafu. Palikuwa na nyayo nyeupe, kama za mtu aliyekanyaga unga. Nyayo ndogo, za mtoto, peku. Zilianzia pale simu ilipokuwa, zikatoka mlango wa jikoni, zikavuka uani, zikapotelea barabarani. Marieta alikuwa na viatu. Hizo zilifutika zenyewe kabla hatujaondoka.

Zilibaki nyingine mbili. Ziko kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, kwa ndani, kubwa, za mtu mzima aliyesimama akiangalia nje, kama anayemtazama mtu anayeondoka. Gasper amezisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Alitaka wahame. Euphrasia amekataa. Amesema nyumba ni yake, kaijenga kwa jasho lake, na hakuna wa kumtoa. Amechukua jiko lake la mkaa akaliweka juu ya nyayo zile, na hapo ndipo anapopikia kila siku, maharage, ugali, chai, anaimba kwa makusudi.

Juzi nilipita Bunda kumsalimia. Alikuwa anaosha vyombo, akaniomba nisogeze jiko apige deki. Nikalinyanyua.

Saruji ya pale ilipaswa kuwa ya moto. Ilikuwa baridi. Na zile nyayo, wifi yangu bado sijamwambia, zimegeuka. Vidole sasa vinaangalia ndani.

Euphrasia alizitazama. Akachukua jiko mikononi mwangu, likiwa na makaa yanayowaka, akalirudisha palepale juu yake.