Goti la Gyu-cheol

Ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, na soko la chini ya ardhi la Bupyeong lilikuwa limefurika. Seung-ah alikuwa kwenye foleni ya keki za mchele alipomwona kijana mrefu mwenye jaketi jekundu akichuchumaa kuinua maboksi matatu ya matunda. Magoti yake yaliingia ndani mpaka yakagusana. Seung-ah akashindwa kunyamaza.

"Kaka, rudisha makalio nyuma! Hayo magoti utayazika mapema."

"Kumbe siku hizi hata kuinama kuna mwalimu?"

"Yupo. Ndiye mimi, na sifundishi bure."

Jumatatu kijana akatokea kwenye jimu alikofundisha Seung-ah, akiwa na kadi aliyopewa sokoni. Alijiita Gyu-cheol. Alikuwa ameshaanguka mara mbili mtihani wa kuingia kikosi cha zimamoto, na sasa alikuwa akijiandaa kwa mara ya tatu. Seung-ah akamwanzisha na chuma kitupu: pasha mwili moto kwanza, magoti yafuate vidole vya miguu, shuka polepole, uzito uongezeke kidogo kidogo.

"Bibi yangu anainua zaidi ya hiki," Gyu-cheol alilalamika.

"Basi mlete bibi, wewe ukae nyumbani."

Kufikia baridi ya Desemba walikuwa wakila tambi pamoja kila jioni. Jioni moja Seung-ah alipandisha suruali yake ya kijivu, akamwonyesha kovu refu kwenye goti la kushoto. Zamani alikuwa mnyanyua vyuma wa timu ya mkoa. Alimficha kocha wake maumivu, na goti likaisha. Hakuwahi kumsimulia mwanamume mwingine.

Machi, goti la Gyu-cheol likavimba.

"Wiki tatu usiguse chuma," Seung-ah alisema.

"Mtihani umebaki wiki sita, mpenzi!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

"Hujui kitu! Lako limekufa, sasa unataka na langu life tufanane."

Seung-ah alichukua taulo lake, akaondoka.

Gyu-cheol akahamia jimu nyingine, akapakia uzito anavyotaka. Siku ya tisa simu ikaita.

"Seung-ah... limelia pa! Siwezi kusimama."

Seung-ah alifika hospitali na kandambili miguuni. Kano ya goti ilikuwa imekatika, ikashonwa. Mwaka mzima alimfanyisha mazoezi, kuanzia kukunja mguu kitandani mpaka kupanda ngazi na mzigo mgongoni. Gyu-cheol akafaulu mtihani. Akaja jimu na sare mpya, viatu vinang'aa, akapiga goti lile lile lililoshonwa, na pete mkononi.

"Inuka," Seung-ah alisema, akamshika kwapani, akamsimamisha. "Daktari amekukataza."

"Nimekuomba radhi mara ngapi?"

"Nimekusamehe, Gyu-cheol. Kweli. Lakini nilikuonyesha kovu langu, ukanipiga nalo. Tangu hapo kila ukikasirika, nasubiri unipige nalo tena. Siwezi kuolewa huku nasubiri."

"Hunipendi tena?"

"Ningekuwa sikupendi, ningevaa hiyo pete nikaona itakavyokuwa; maneno yako yasingeniuma."

Akamfunga kifungo cha juu cha sare, akamgeuza kuelekea mlangoni. Gyu-cheol alipotoka, Seung-ah aliingia bafuni, akafungulia maji yote, akalia mpaka wanafunzi wa saa kumi na mbili walipoanza kugonga wakiuliza kama kocha yumo.